Maswali ya Wasomaji: Mwimbaji Anapogeuka Sauti ya Mhusika

SWALI: Nimeimba kwenye bendi kwa miaka 9. Sasa natuma majaribio ya sauti kwa watengenezaji wa katuni, na jibu ni lilelile: sauti nzuri, lakini unaimba. Sijaimba hata noti moja! Wana maana gani?

JIBU: Wanazungumzia mikia ya sentensi zako. Mwimbaji amezoea kuivuta irabu ya mwisho kwa sababu ndiyo inayobeba noti. Akipewa skripti, "usiondoke" inakuwa "usiondokeee", na kila sentensi inatua pale pale ilipotua ya kabla yake. Msikilizaji hawezi kukutajia kosa, ila anaacha kumwamini mhusika.

Jirekodi ukisoma mistari 10, kisha sikiliza huku ukiifuatisha kwa kuvumisha midomo ikiwa imefumbwa. Kama lahani ya mstari wa kwanza inauenea na wa tatu, hapo umeimba. Weka skripti kando, mweleze mtu jambo hilohilo kwa maneno yako, urekodi, halafu yarudie maneno ya mwandishi kwa mwendo uleule wa maongezi. Kabla ya kila mstari amua mhusika anataka nini kwa anayemwambia: "usiondoke" ya kusihi na ya kutishia hazitoki kwenye pumzi moja. Kazi hii ni uigizaji kwanza, na koo zuri haliwezi kuifanya kwa niaba yako.

Lakini usitupe ulichokuja nacho. Katika kuingiza sauti kwenye filamu, hedifoni hukupa milio 3 yenye nafasi sawa, nawe unaanza pale ambapo mlio wa 4 ungelia. Wageni wengi huchelewa hapo. Aliyekulia kwenye kuhesabu mapigo huingia bila kubahatisha, na akiombwa arudie mstari mara 5 kwa kimo kilekile cha sauti, anaweza.

SWALI: Nilimpa jitu mmoja sauti nzito ya kukwaruza. Baada ya kurekodi saa 3, sauti ilikauka siku mbili. Naogopa kuiharibu ya kuimbia.

JIBU: Hofu yako ni ya haki. Mkwaruzo huo uliutoa kwa kuzibana nyuzi za sauti zenyewe, na nyuzi zikisuguana hivyo huvimba. Ukubwa wa mhusika utafute juu ya nyuzi, kwenye koo na mdomo: legeza taya, acha kongomeo lishuke kama unayeanza kupiga mwayo, punguza kasi ya maneno. Njia ya sauti ikirefuka, mtu husikika mwenye kiwiliwili kikubwa hata kama kimo cha sauti hakijashuka sana.

Maiki nayo ikusaidie. Zile zinazopokea upande mmoja huongeza besi unapozisogelea. Kwa maongezi ya kawaida kaa sentimita 15 hadi 20. Kwa jitu sogea hadi 8, ukiwa na kichujio cha pumzi na mdomo umeelekea pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Kwa ukelele rudi nyuma hadi 50, na mwambie fundi sauti mapema ashushe kiwango, kilele kisipite desibeli −6. Wengi huharibikiwa kwa kupiga ukelele mzuri ambao rekodi imeukata kichwa, kisha wanaombwa kuurudia mara nne.

Omba maongezi yarekodiwe kwanza na makelele yawe mwisho, yasizidi muda wa saa 2, na unyamaze dakika 5 katika kila 20. Kunong'ona si kupumzika, na kukohoa ili kusafisha koo kunazidi kuumiza. Maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi. Hufika kupitia damu, kwa hiyo anza asubuhi. Mvuke ndio unaozigusa moja kwa moja. Baada ya kazi, tia mrija sentimita 2 ndani ya glasi ya maji na uvumishe ukipanda na kushuka kwa dakika 5. Sauti ikikatika ghafla katikati ya ukelele, acha siku hiyohiyo. Ikibaki na ukavu zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.

SWALI: Demo, ile rekodi ya mfano ya kuombea kazi, iwe na urefu gani?

JIBU: Sekunde 60 hadi 90, wahusika 5 au 6, aliye bora mbele kabisa. Usiweke wimbo ndani. Wimbo uwe na demo yake peke yake. Na kwa kila mhusika hifadhi klipu ya sekunde 10 uisikilize kabla ya kikao kinachofuata, maana baada ya miezi 4 hutakumbuka alisemea puani au kifuani.

SWALI: Je, jina la mwimbaji halipotei akijificha nyuma ya katuni?

JIBU: Laweza kupotea. Thurl Ravenscroft, mwimbaji wa besi wa Marekani aliyetoka katika kundi la The Mellomen, alikuwa sauti ya chui milia Tony wa matangazo ya nafaka za Kellogg's kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo, katuni ya televisheni ya mwaka 1966 aliyoiimbia wimbo, How the Grinch Stole Christmas!, ilipotoka, jina lake halikuwemo kwenye orodha ya mwisho, na wengi wakadhani msimulizi Boris Karloff ndiye aliyeimba.

Kwa hiyo jina lako na tahajia yake viandikwe kwenye mkataba kabla hujarekodi. Papo hapo uliza malipo: wimbo unaweza kukuletea mirabaha miaka mingi, lakini sauti ya mhusika mara nyingi hulipwa kwa kikao, mara moja basi. Mkataba utaje itatumika wapi, kwa muda gani, na kama wana ruhusa ya kuifundishia programu inayoiga sauti. Kama kipengele hicho hakimo, omba kiandikwe kwamba hawana.