Bunduki ya jeshi: kuikata au kuiacha?

Wiki hii wanaouliza ni wasomaji wetu wawindaji walioko Marekani.

*Baba mkwe kaniachia Springfield M1903, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani. Mtutu umefupishwa, kitako kimebadilishwa. Wenzangu wananicheka kwamba mzee aliiharibu. Ni kweli?*

Wenzako hawakuwepo. Baada ya 1945 bunduki hizi zilijaa kama njugu na ziliuzwa hata kwa posta. Carcano, bunduki ya jeshi la Italia, ya Lee Harvey Oswald aliyemuua Rais Kennedy mwaka 1963, ilimfikia kwa posta na darubini yake kwa chini ya dola 22. Mtu katoka vitani, ana watoto, anataka nyama ya kulungu. Bunduki mpya ya kuwindia ataitoa wapi? Alishika msumeno, akapunguza mti wa mbele (mbao inayofunika mtutu), akapinda mkono wa bolti, ule wa kuingizia risasi, usigonge darubini, akatoboa matundu ya skrubu juu. Rais mstaafu Theodore Roosevelt mwenyewe aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Springfield iliyogeuzwa ya kuwindia, kazi ya kiwanda kilekile cha jeshi. Sijasikia mtu akisema aliiharibu.

Ila tazama namba iliyochapwa kwenye bunduki yako. Kama ni ya kiwanda cha Springfield na iko chini ya 800,000, itundike ukutani. Vyuma vya wakati ule vilipashwa moto kupita kiasi, na baadhi vilipasuka usoni pa mpigaji.

*Nimepata Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza, nzima, mti wake wote upo. Nitoboe niweke darubini?*

Usithubutu! Sababu aliyokuwa nayo mzee wa Springfield wewe huna: leo madukani kuna bunduki mpya za bei nafuu zilizokwisha kutobolewa tayari. Nzima kama yako zinazidi kuadimika, na tundu moja tu linashusha thamani. Macho yakikusumbua, kuna vishikio vya darubini vinavyofungwa bila kutoboa.

*Risasi za jeshi zinafaa kwa kulungu?*

Hapana. Zilizovikwa chuma hadi nchani hupenya bila kupanuka, mnyama akaenda kufia mbali. Majimbo mengi yamezikataza. Nunua za ncha laini.

*Iliyokatwa inarudishika?*

Kama ni mti tu, ndiyo, tafuta mti wa zamani uifunge. Mtutu ukishafupishwa, gharama inaweza kuzidi bei ya bunduki nzima. Mauser yangu, bunduki ya asili ya Kijerumani, ina matundu manne na kitako kilichochongwa kwa kisu na mtu asiye na haraka. Novemba naingia nayo msituni hivyohivyo.