Miradi ya shule: jambo moja, kila somo na swali lake

Muhula ukianza, wadogo zangu hapa mtaani huja na orodha zao. Jiografia inataka mradi, kemia inataka mradi, historia nayo, hisabati nayo, na kilimo ndiyo usiseme. Jioni kuna madrasa, na ukirudi nyumbani unatumwa dukani. Mimi nimesomea papa hapa Lamu na hayo yote nimeyapitia. Ninachowaambia ni hiki: usihangaike kutafuta mada tano. Shika jambo moja lililo karibu nawe, kisha ulipe kila somo swali lake.

Langu lilikuwa maji.

Nilianza na hisabati, somo ambalo wengi hudhani halina cha kupima nje ya darasa. Chukua ufito mrefu, utie alama za sentimita, uufunge imara kwenye nguzo ya gati. Siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, soma kimo cha maji kila nusu saa tangu asubuhi hadi jioni. Boti ikipita, ngoja mawimbi yatulie kwanza. Rudia kazi hiyo wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Ukichora grafu utaona mstari unapanda na kushuka vilevile kama ule mliochorewa ubaoni kwenye trigonometria, na kutoka kujaa hadi kujaa kwengine ni kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Manahodha wanayajua haya bila grafu, kwa kuhesabu mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu. Maji mafu huangukia karibu na siku ya 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu, na tena kwenye ya 22. Kwa hiyo kwenye jedwali langu nilitia safu ya tarehe za Kiislamu. Mwalimu wangu, mtu wa bara, aliuliza maswali mengi juu ya safu hiyo kuliko juu ya grafu yenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba kitu ninachokiona cha kawaida chaweza kuwa ndicho chenye alama.

Kwa kemia, chemsha lita moja ya maji ya bahari mpaka yakauke. Pima sufuria kabla na baada. Itabaki chumvi ya gramu 35 hivi. Tumia sufuria kuukuu, maana mama hatakusamehe, na mwishoni punguza moto kwa sababu chumvi huruka. Kisha fanya vivyo hivyo na maji ya kisima cha mtaani kwenu, na ya kisima cha upande wa Shela, kijiji cha papa hapa kisiwani. Tofauti utakayoipata ndiyo mlango wa jiografia: mvua hunywewa na machuguu ya mchanga ya Shela, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Chora ramani ya visima ulivyopima, andika kiasi cha chumvi pembeni ya kila kimoja, na mradi wa jiografia umekamilika.

Historia inahitaji adabu kuliko vifaa. Nenda baada ya Alasiri, wazee wakiwa barazani, amkia, kaa, daftari libaki mfukoni kwanza. Usimuulize mzee "historia ya Lamu ni ipi"; hilo halijibiki. Muulize, "Ami, mlipokuwa wadogo maji mkichota wapi?" Atakutajia visima, mabirika ya misikiti, na nani alikuwa akibeba. Ile sentensi ya kwamba mji wetu uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 kila mwanafunzi huiandika, na mwalimu ameshaichoka.

Kilimo kina sheria zake. Ule mradi wa mtihani, maagizo hutoka Baraza la Mitihani, kwa hiyo zao si la kuchagua. Unachoweza kuchagua ni mbolea, na hapa samadi ya punda imejaa. Ila iache ioze vizuri, kwani mbegu za magugu hupita tumboni mwa punda zikiwa nzima. Onja pia maji yako kabla ya kumwagilia, kwa sababu yakiwa ya chumvi majani huungua kingoni. Andika daftari siku ileile, maana mwalimu hutoa alama hatua kwa hatua. Kompyuta sina mengi: weka kazi yako kwenye flashi mbili, stima haina ahadi.

Na usipeleke karatasi moja kwa walimu wawili. Vipimo vyaweza kuwa vilevile, swali lazima liwe jengine. Walimu hukaa chumba kimoja na huzungumza.

Kama maji hayakuvutii, kuna mikoko, na Lamu inayo mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya. Baiolojia itakuuliza mizizi ya mchu, aina moja ya mkoko, inapumuaje, historia itakuuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, na jibu lake limo kwenye urefu wa boriti za mikoko. Ukienda huko, fuatana na mtu anayejua maji yatarudi saa ngapi, na mwambie mama unakwenda upande gani.