Waulize kwanza wanarudi nyumbani saa ngapi

Mnaotaka kuwasaidia watu wa kipato kidogo mtaani wale vizuri, yaani sisi tulianza vibaya kabisa. Tulidhani watu hawali vizuri kwa sababu hawajui, basi tukaandaa semina, tukabandika chati ya makundi ya chakula, tukaeleza zile gramu 400 za mboga na matunda kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri, watu wakaitikia vizuri tu. Mwisho mama mmoja akaniuliza, "Sawa mwanangu, hayo najua, sasa hela ya kununulia anatoa nani?" Nikakosa jibu.

Kilichokuja kusaidia ni kuchanga na kununua kwa jumla. Anayelipwa kwa siku ananunua kidogo kidogo, na hiyo kidogo kidogo ndo bei ghali kuliko zote, piga hesabu ya mwezi utashangaa, anatoa zaidi ya yule anayebeba gunia zima. Tukawa familia 12, michango tunakusanya siku ileile watu wanayoshika hela, maana ukisubiri kesho yake imeshaisha. Anzeni na maharage na nafaka, haziozi haraka. Mboga za majani tulijaribu tukapigwa, tulipanga kugawa Jumamosi mchana, nusu ya watu wako kazini, kufika jioni mafungu yameshakuwa ya njano, hasara yetu wote. Saivi tunagawa saa 1 usiku.

Na mzani uwe mbele ya watu. Siku tuliyopima kwa macho ndo siku tuliyogombana, kikundi nusura kife.

Af kuna kitu nilikuwa sikioni kabisa: moto. Dada mmoja alirudisha maharage yake, nikajua labda yana wadudu, kumbe gesi ya kuyaivisha inamshinda. Tangu hapo tunakumbushana kuloweka usiku kucha, yanaiva mapema, maji yale unamwaga. (Yale mekundu usiyafanyie haraka jamani, yachemke kwelikweli dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto, yasipoiva yanasumbua tumbo vibaya.) Halafu majirani wawili watatu wakaanza kupika kwa zamu, leo huyu anachemsha sufuria kubwa anawagawia wenzake, kesho yule. Hakuna aliyewapangia, na mi nakiri imesaidia kuliko semina zangu zote.

Ile chati bado ipo, tumeigeuza nyuma ndo tunaandikia zamu.