Kitana cha pambo kinachodondoka ukumbini: angalia meno kwanza

Mleta mada, umeuliza kwa nini vitana vyako vya mapambo vinadondoka kila ukikaa ukumbini, na ununue vya aina gani kwa shughuli za dada yako. Kicheni pati utakuwa na rasta, sendofu unataka nywele zako mwenyewe zibanwe fundo kisogoni, harusini utavaa wigi. Waliotangulia kukujibu wamekutajia maduka tu, Kariakoo hili na Kariakoo lile. Mimi nimepamba maharusi miaka mingi, Magomeni na Ilala, na kwa ulivyoeleza, hata ukihamia duka la bei mbaya bado vitadondoka.

Ukiingia Mtaa wa Kongo macho yote yanakimbilia kwenye mgongo wa kitana, kwenye vijiwe, lulu za plastiki na maua ya kitambaa. Mimi nikikishika nakigeuza kwanza niyaone meno. Yawe marefu kiasi cha kupita ndani ya fundo na kutokeza kidogo upande wa pili. Kitana chenye meno mafupi ni cha nywele laini zilizolala, kwenye nywele zetu kinaelea juu juu na ukicheka sana kinashuka. Kisha naangalia nafasi kati ya jino na jino. Nywele nzito za asili zinataka nafasi kubwa, nywele za dawa zinataka meno yaliyokaribiana, maana zinateleza.

Halafu kuna mzani. Weka kitana juu ya kidole chako cha shahada, pale meno yanapoungana na mgongo. Kikipindukia upande wa pambo, ujue hata kichwani kitapinduka hivyo hivyo, pambo litavuta nyuma na meno yatachomoka. Kitana cha namna hiyo si lazima ukiache, ila kitakaa juu ya fundo tu, meno yakitazama chini, ili uzito wake uwe unakizamisha. Ukikichomeka chini ya fundo, meno yakitazama juu, utakiokota chini ya meza. Na kiwe na mkunjo unaofuata kichwa. Kilichonyooka kama rula mwachie muuzaji.

Ukwaruzaji nao upimwe hapo hapo dukani. Vitana vingi vya plastiki vinamiminwa kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, na pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana hubaki mstari mwembamba kwenye kila jino. Huuoni, lakini unywele unaujua. Beba kipande cha soksi nyembamba ya kike, kipitishe kwenye meno taratibu. Kikinasa, na nywele zako zitanasa, tena zile za asili ndizo zinazokatika zaidi. Ukishakipenda na hutaki kukiacha, nunua, ukifika nyumbani sugua meno kwa tupa ya kucha mpaka soksi ipite. Vile vya waya ndiyo balaa zaidi: mafundi wengi wanazungushia waya mwembamba kufungia lulu, na ncha ya waya inaachwa imechomoza kwa ndani. Ikandamize kwa koleo kabla hujakiweka kichwani.

Sasa tuje kwenye uchomekaji, maana hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Kitana hakiwezi kushika nywele zilizolegea. Kinashika nywele zilizokwishavutwa na kubanwa, na kinashika kwa kwenda kinyume na zilikovutwa. Chukua mfano wa kitana cha pembeni, nywele zinatoka kwenye panja kwenda nyuma. Watu wanakisukuma kutoka mbele kwenda nyuma, njia ile ile ya nywele, halafu wanashangaa kimetoka kwa njia ile ile. Fanya hivi: tumia kitana chenyewe kuchana nywele kwenda nyuma hadi pale unapotaka kikae. Ukifika, kipindue, meno yatazame usoni, yaguse ngozi ya kichwa bila kuichoma, kisha kisukume kwenda mbele. Utasikia kimekaza. Kuanzia hapo kila nywele zinapovuta kurudi mahali pake zinakibana zaidi.

Kwenye fundo ni utaratibu ule ule, ila kwa hatua mbili. Chomeka meno kwenye ukingo wa fundo kwa nje, chota nywele kidogo tu, kisha kigeuze na kukizamisha ndani, meno yapite kwenye nywele zilizolala kichwani na kuingia tena chini ya fundo. Ni kama sindano inavyoshona: inazama, inachota cha chini, inarudi. Usipochota nywele zilizolala kichwani, umekipachika kwenye fundo peke yake, na fundo likicheza na kitana kinacheza.

Kama nywele zako zina dawa, ongeza kitu kimoja. Kabla ya kitana, chomeka pini mbili nyeusi zikatane msalaba pale meno yatakapopita, halafu zamisha meno nyuma ya ule msalaba. Kitana kinakuwa kimeng'ang'ania pini. Na zisioshwe asubuhi ya shughuli, osha jana yake. Nywele zilizotoka kuoshwa na kupigwa draya zinateleza mno, hakuna kitana kitakachozipenda.

Kwa sendofu yako, nywele za asili zenyewe zinashikana, kwa hiyo hofu ya kudondoka ni ndogo kuliko hofu ya kukatika. Zikande kwa maji kidogo na mafuta siku moja kabla, zisuke mabutu makubwa manne au matano ulale nayo, asubuhi zitakuwa zimenyooka kiasi cha kubanika bila kuvutwa kwa nguvu. Funga fundo kwa raba laini, acha ukingo wa mbele upumue. Halafu kitana kikae juu ya fundo kidogo upande mmoja, upande ambao mpiga picha atakuwepo ukiwa umekaa meza kuu. Nasema upande mmoja kwa sababu nimeona watu wanaweka kitana katikati kabisa ya kisogo, kizuri, cha bei, na picha zote za mbele hakionekani hata jino. Na tafadhali usikichomeke kwenye nywele za mbele zile fupi za kwenye paji. Zile zimeshachoshwa na rasta na jeli, zikivutwa kila mara zinakatika, na zikiendelea kuvutwa mashina yenyewe yanakufa, hazioti tena. Msusi yeyote wa Dar amewahi kuona paji lililorudi nyuma hivyo.

Rasta ndizo zinanipa ugomvi na wateja. Unaleta kitana chenye meno kumi na tano yaliyobanana, unataka kipite kwenye rasta nene. Hakipiti. Kikilazimishwa, cha plastiki kinavunjika jino, cha chuma kinapinda. Ukienda dukani shika ncha ya rasta yako moja na uipitishe katikati ya meno, ikipita bila kusukumwa nunua. Mara nyingi utakuta jibu ni kile kijiti chenye meno mawili tu, mfano wa uma, ambacho wengi wanakidharau. Kwenye rasta zilizokusanywa juu hicho ndicho kinachokaa. Kumbuka pia kwamba rasta zikishachovywa maji ya moto kule chini zinakuwa laini na kuteleza, kwa hiyo kitana kikae karibu na kichwa, palipofungwa, kisikae kwenye mikia.

Aliyesukwa twende kilioni ajue mistari imelala kichwani, hakuna mahali pa kitana isipokuwa pale mistari inapokutana. Usipenyeze meno chini ya mstari. Unauinua, unaulegeza, na kesho unarudi kwa msusi.

Wigi halina maneno mengi. Usichomeke kitana cha pambo mpaka wigi lenyewe limeshikwa vizuri kwa chini, la sivyo kinavuta wigi zima. Chagua chepesi, kishone kwa uzi mmoja wa rangi ya nywele kwenye wavu wa ndani, umemaliza.

Kuhusu zile rangi za dhahabu ulizozitamani: joto la hapa, jasho na hewa ya bahari haviwezani na chuma cha bei rahisi. Kinabadilika kuwa kijani, na kinaacha alama kwenye nywele zilizopakwa rangi nyepesi. Kwa shughuli ya usiku mmoja sawa, lakini usikae nacho wiki nzima kazini. Ukitaka cha chuma cha kudumu, chukua cha shaba iliyochovywa dhahabu vizuri au cha fedha; sonara wa Mtaa wa Indira Gandhi wanaweza kukuchovyea upya kile ulichonacho. Plastiki nzuri kuliko zote kwa vitana ni asetati ya selulosi. Ni nzito kidogo mkononi, rangi yake imeingia hadi ndani, na meno yake yanakatwa na kusuguliwa, kwa hiyo ule mstari wa kalibu haupo. Mara chache utaikuta kwenye mitumba, kwenye mafungu ya mikanda na vibanio, na muuzaji hajui alichoshika.

Ila kwenye mafungu hayo hayo angalia vitana vya zamani sana vya selulodi, plastiki ya kale. Ukikisugua kwa kidole gumba kwa nguvu na kikatoa harufu ya kafuri, ni chenyewe, maana kafuri imo ndani ya utengenezaji wake. Kinashika moto kwa haraka ya kutisha. Sisi wa Pwani tunafukiza nywele udi, tunainama juu ya chetezo chenye makaa. Kitana cha selulodi kisiwe kichwani wakati huo, wala karibu na draya.

Na kuna vile vya bibi, vya kahawia chenye madoa ya manjano, vinavyong'aa ukivielekeza kwenye taa. Vile ni gamba la ng'amba, aina ya kasa. Pwani hii iliuza gamba la kasa kwa wafanyabiashara wa Kigiriki tangu karne ya kwanza, kwenye bandari waliyoiita Rhapta, kwa hiyo si ajabu kukikuta sandukuni. Kama umerithi, kiheshimu. Kununua kipya usithubutu, ng'amba wako hatarini kutoweka na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea ya porini. Ukisafiri kwenda Ulaya, kiache nyumbani. Asetati ya madoa inafanana nacho kabisa na haina kesi.

Sasa kama ni pesa yangu, kwa sendofu ningenunua cha mpingo. Kinakaa vizuri juu ya nywele za asili, hakikwaruzi kikisuguliwa vyema, na kikivaliwa na kitenge hakuna kijiwe kinachokishinda. Nenda kijiji cha vinyago Mwenge. Tatizo la pale ni miti myepesi iliyopakwa kiwi ya viatu na kuitwa mpingo. Beba kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua. Kikitoka cheusi, umeuziwa kiwi. Kitu kingine, mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, kwa hiyo kitana kidogo kinachoelea kwenye glasi ya maji si mpingo. Wauzaji wakweli hawakatai kupimiwa.

Angalia nyuzi za mti. Zinatakiwa ziende sawa na urefu wa meno, kutoka mgongoni hadi nchani. Fundi aliyekata kinyume, meno yakikatiza nyuzi, kitana chake kitavunjika jino mara ya kwanza kinapokutana na nywele zilizojifunga. Hili peke yake ndilo linalotofautisha fundi wa vitana na fundi wa twiga. Ukiweza, agiza cha kwako. Wazaramo, wenyeji wa mji huu, wana kinyago kidogo cha mwana hiti alichokuwa anapewa mwali akiwa ndani, na sehemu iliyopambwa zaidi pale ni nywele zake, kishungi kilichosimama utosini. Niliwahi kumwomba fundi anichongee kichwa hicho kwenye mgongo wa kitana, na bibi harusi niliyemvalisha alikataa kukirudisha. Sikumlaumu.

Ukienda kuagiza, pima fundo lako likiwa limefungwa, upana na kina, uandike kwenye karatasi, na mwambie fundi unataka meno matano au sita tu, mazito kwenye shina na membamba nchani, ncha ziwe za duara. Nenda siku ya kazi asubuhi, Jumamosi wana wageni wa hoteli na bei inapanda. Kikishakuwa chako, usikiloweke. Kifute kwa kitambaa kikavu, mara moja moja kipake mafuta ya nazi kidogo ukiache usiku kucha, asubuhi ufute mafuta yaliyobaki kabla hayajagusa gauni.

Shela ya dada yako ni habari nyingine: kama ina kitana cha waya kilichoshonwa kwayo, akifungie kwenye msalaba wa pini niliousema, si kwenye fundo tupu, kwa sababu shangazi mmoja lazima ataikanyaga. Kama saluni yenu haijui huo msalaba, niulize hapa, nitaandika hatua kwa hatua.