Lenzi ya bibi na daktari aliyeianzisha

SWALI: Assalaam alaykum. Bibi yangu ametolewa mtoto wa jicho, akatiwa lenzi ya plastiki. Nasikia aliyeibuni aliipatia wazo kwenye ndege za vita. Ni kweli? Na mbona mbali anaona, lakini msahafu hausomi bila ya miwani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Ni kweli. Ni Harold Ridley, daktari wa macho wa Hospitali ya St Thomas', London. Katika Vita Kuu ya Pili marubani walikuwa wakiingiwa machoni na vipande vya kioo cha plastiki cha ndege zao. Ridley akaona kuwa vipande hivyo vikikaa ndani jicho haliwaki. Tarehe 29 Novemba 1949 akaanza upasuaji wa kwanza wa kutia lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Lenzi ilizidi nguvu, mgonjwa akabaki haoni mbali ila kwa miwani mikali. Wakubwa wa fani wakampinga kwa miaka mingi, ilhali wagonjwa wao walitolewa mtoto wa jicho wakaachwa na miwani minene kama kitako cha chupa. Alistaafu mwaka 1971. Heshima ya Malkia wa Uingereza, cheo cha "Sir", ilimfika mwaka 2000, umebaki mwaka mmoja afariki. Kwetu sisi, subira yake inastahili sifa kuliko hata ugunduzi wenyewe.

Kosa lile la nguvu ya lenzi ndilo sababu ya vile vipimo kabla ya upasuaji: mviringo wa kioo cha jicho (ule utando angavu wa mbele) na urefu wa jicho. Urefu ukikosewa milimita 1 tu, nguvu ya lenzi hupotoka kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3. Jicho la pili nalo lipimwe lenyewe, na karatasi yenye maelezo ya lenzi aliyotiwa muiweke.

Lenzi hii haibadiliki unene kama ya ujanani. Bibi amepimiwa ya mbali, kwa hiyo msahafu unataka miwani ya kusomea. Msinunue mapema, jicho huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia.

Dawa ni tone moja, ncha ya chupa isiguse kope. Kama dawa ni mbili, zipishane dakika 5. Maji ya udhu yasiingie jichoni, na kuhusu kusujudu siku za mwanzo amuulize daktari wake. Jicho likiuma, likawa jekundu au nuru ikapungua, mpelekeni siku hiyo hiyo. Asitiwe asali wala maziwa.

Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, si mtoto wa jicho mpya: ni utando wa nyuma ya lenzi, na hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache bila ya kisu.