Kuandika na kuchapisha kitabu cha ukoo: jibu refu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, salaam. Umesema una rekodi za marehemu babu yako kwenye simu, maongezi ya saa kadhaa, na unataka yawe kitabu cha ukoo. Umeuliza uanzie wapi, kama ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) ni lazima, na kama uchapaji utakufilisi. Waliotangulia wamekujibu habari za bei. Mimi bei nitaigusa mwishoni kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi. Nimeandika cha kwetu, Wagogo wa Mvumi, Dodoma, pamoja na waliohamia Kongwa, na kilichotaka kukikwamisha ni ukurasa mmoja tu.

Kwanza kabisa, hizo rekodi zitoe kwenye simu leo. Nakili kwenye kompyuta, nakili kwenye flashi, na mtumie ndugu mmoja anayeishi mbali. Kila faili lipe jina: nani anaongea, wapi, tarehe gani. "Sauti 0043" haitakwambia kitu mwakani.

Halafu kaa usikilize na daftari, kisha nenda kwa wazee waliobaki, lakini usihangaike na miaka. Bibi yangu kila nikimuuliza mwaka alikuwa ananijibu "zamani za Mjerumani", na jibu hilohilo alilitumia kwa mambo ya baada ya vita vya Hitler. Mambo yalifunguka nilipoanza kuwauliza wazee, "Wakati huo ulikuwa unachunga nini?" Kwetu mtoto huanza na ndama karibu na nyumba, akikua kidogo anapewa mbuzi, ndipo baadaye aaminiwe ng'ombe. Mzee akikwambia nzige walipokuja yeye bado yuko na ndama, basi mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa mtoto wa miaka mitano, sita hivi. Kwa akina mama nilikuwa nauliza kama alishaanza kutwanga, na mdogo wake yupi alikuwa mgongoni.

Matukio yetu ya kupimia ni Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, hao nzige, trekta za mpango wa Waingereza wa kulima karanga zilizoingia Kongwa 1947, na mpango wenyewe kufutwa 1951, Uhuru, kisha Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini 1970 na 1971. Kwenu yatakuwa mengine. Ukoo wa Songea una Maji Maji, wa Kagera una vita ya 1978. Yaorodheshe kwanza ndipo uende kwa wazee. Wanaume uliza pia walitahiriwa pamoja na nani. Mtu anasahau mwaka, ila wenzake wa jandoni hawasahau.

Swali lililonipa majina mengi kuliko yote lilikuwa la mahari: "Alipoolewa huyu, ng'ombe ziligawiwa kwa nani?" Mahari ya Kigogo haiishii kwa baba mzazi. Kuna ya wajomba, kuna ya baba wadogo, na kila aliyepata au aliyenyimwa anakumbukwa. Bibi yangu, ambaye alidai kichwa chake kimechoka, alinitajia ng'ombe wa mahari ya shangazi mmoja baada ya mwingine, rangi zao, na nani alimchukua yupi. Humo nikapata matawi mawili ambayo wazee wa kiume walikuwa hawajayataja kabisa. Na hapa niseme: baadhi ya wazee waliuliza binti aliyeolewa kwingine anaandikaje historia ya ukoo. Sikubishana nao. Nilikaa jikoni na akina bibi, nao ndio waliojua nani ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo watoto wa kike usiwaache. Vitabu vingi vya ukoo ninavyoviona ni "fulani akamzaa fulani", ukifika kwa binti unakuta "aliolewa", basi, katoweka. Wafuate huko walikoolewa. Na kama babu alikuwa na wake wengi, panga kwa nyumba: nyumba ya mke wa kwanza, ya pili, ya tatu. Programu nyingi za kuchora mti wa ukoo hukuletea tabu hapo, mimi niliishia kuchora kwa mkono. Kila mtu mpe namba, maana wajukuu hurithi majina ya mababu, na kufika kizazi cha nne utakuwa na watu wanne wenye jina moja.

Maandishi yapo, ila usitarajie miujiza. Huku kwetu Waanglikana wapo tangu miaka ya 1870, kwa hiyo vitabu vya ubatizo vilinisaidia, kwa tahadhari mbili: tarehe ni ya kubatizwa, si ya kuzaliwa, na mtu mzima aliyebatizwa aliingia na jina la Kigogo akatoka Yohana. Ukitafuta jina la zamani pekee utasema hayumo. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, wana vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza. Ulizia utaratibu na ada kabla ya kufunga safari. Utapata habari za watemi, mipaka, njaa na mila. Jina la babu yako utalikuta kama alikuwa mtemi, jumbe au karani, au kama alishtakiwa. (Wangu mmoja nilimkuta kwa hilo la mwisho, nacheka mpaka leo.)

Sasa huo ukurasa uliotaka kukwamisha kitabu.

Wakati wa Mtunya majeshi ya Kijerumani na ya Kiingereza yalikuwa yameshapita kwetu yakichukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua zikakataa. Watu walikuwa wanapeleka watoto kwa wenye chakula na kurudi na mtama kidogo. Kwa babu mzaa babu yangu aliletwa mvulana wa namna hiyo. Hakurudishwa. Alikua hapo, akachunga hapo, akaozwa kwa ng'ombe za hapo, na wajukuu wake leo ni tawi kubwa la ukoo, wanabeba jina letu na kushika miko yetu. Bibi alinisimulia haya kama alivyoambiwa na mama mkwe wake, kwa sauti ya kawaida tu, huku anapepeta.

Niliposambaza rasimu kwa wazee wachache nikiwa nimeacha nafasi hapo, wakagawanyika. Wapo waliosema funika, andika ni mtoto wa babu, yameisha. Wapo waliotaka liandikwe kwa wino mzito, na ukiwasikiliza vizuri unagundua haja yao haikuwa historia. Tangu serikali ihamie Dodoma, mahame yaliyoachwa wakati wa Operesheni yana bei. Ukiandika kwamba tawi fulani "si wa damu", kuna mtu atakitoa nakala kitabu chako na kwenda nacho baraza la ardhi la kata.

Nikaenda peke yangu kwa mzee mkubwa wa tawi lenyewe, kabla ya kikao chochote. Nilimsomea nilichonacho. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Binti, sisi tunajua siku zote. Andika aliletwa na njaa, akalelewa hapa, akaoa kwa ng'ombe za hapa. Neno la kuuzwa usiliweke, maana baba yake hakumuuza, alimwokoa." Halafu akanitajia jina la huyo baba, na kijiji alichotoka, upande wa Mpwapwa. Ukoo mzima hakuna aliyekuwa anajua. Walikuwa wamelihifadhi nyumbani kwao karibu miaka mia moja wakisubiri kuulizwa kwa adabu. Jina hilo limo kitabuni kwa ombi lake, na wajukuu wake wameshakwenda Mpwapwa kutafuta.

Ndiyo maana nakwambia: kabla hujapeleka chochote kiwandani, kila jambo zito lipeleke kwanza kwa wale linalowahusu, mmoja mmoja, kabla ya kundi la WhatsApp. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wasioona vizuri au wasiosoma. Hao ndio wanaokamata makosa. Mkitofautiana kuhusu jambo lisiloumiza mtu, kwa mfano babu alitokea Uhehe au Ukaguru, andika simulizi zote mbili na utaje kila moja imetoka nyumba ipi. Sikuona haja ya kuchagua mshindi. Lakini mipaka ya mashamba niliitoa yote, nikaacha majina ya mahame tu, na ukurasa wa mbele nikaandika kwamba kitabu hiki si ushahidi wa umiliki wa ardhi. Mpwa mmoja alinuna. Anune.

Walio hai waulize kabla ya kuweka picha, ugonjwa, talaka au mtoto wa nje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria bado mtaonana msibani. Namba za simu na za kitambulisho cha taifa (NIDA) hazina kazi kitabuni.

Picha za zamani zipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na kama imegandia kwenye fremu usiibandue. Majina yaandike nyuma kwa penseli, taratibu.

Haya, ISBN. Kwa kitabu cha kugawana ndugu si lazima. Ukitaka kiuzwe dukani au kipatikane maktaba, hapa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba; geuza kitabu chochote cha Kibongo, mara nyingi utaona 978-9976 au 978-9987. Mimi niliomba, kwa sababu nilitaka nakala ikae Maktaba Kuu ambako haitaliwa na mchwa wa Mvumi. Walioko Kenya waulizie huduma ya maktaba ya taifa ya kwao.

Uchapaji: nakala chache, chapa kwa mashine za kidijitali, ukitaka mamia, mashine kubwa za ofseti ndizo zinazoshusha bei ya nakala. Ukubwa wa A5 unatosha. Kikiwa chembamba wanabana pini katikati, na hapo kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Kikinenepa wanagundisha mgongo. Picha za rangi ndizo zinazopandisha gharama, kwa hiyo zikusanye sehemu moja. Lazima uone sampuli iliyochapwa kabla hujaruhusu zote, maana herufi ndogo za mti wa ukoo kwenye skrini zinasomeka, kwenye karatasi hazisomeki.

Fedha tulichanga, na kila aliyechanga alipewa nakala zake. Tatizo ni wale waliotoa kiasi kikubwa wakataka picha zao zitangulie za mababu. Niliwaambia mapema kwamba mchango unalipia karatasi, hauhariri, na mpangilio ni wa vizazi. Mmoja alirudisha ahadi yake mfukoni, wengine wakaelewa.

Chapa chache kwanza. Kikishafika mikononi mwa watu ndipo watakapoanza kupiga simu: "Umemsahau mdogo wangu." Acha kurasa chache tupu mwishoni waandike wenyewe, na weka namba ya mtu wa kupokea masahihisho kwa toleo la pili. Ya kwetu yameshajaza daftari. Ukikwama kwenye kuzisikiliza hizo rekodi, uliza hapahapa.