Maswali ya tairi kabla ya mvua: wasomaji wa Lubumbashi wanauliza

Oktoba jua linawaka, lami inachemka, na mawingu ya kwanza yanaanza kujikusanya. Ndiyo maana barua za wiki hizi karibu zote zinauliza tairi. Nimejibu zile zinazogusa watu wengi, hasa wenye magari madogo ya kawaida: Corolla, Carina, Premio na ndugu zao.

*Jambo papa. Nina Corolla ya milango minne. Muuzaji wa mjini ananisukuma ninunue tairi za misimu yote, na bei yake iko juu. Huku hatujawahi kuona theluji. Kuna faida gani? — Mama wa Bel-Air*

Mama, shaka yako ina msingi. Tairi hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye baridi kali. Goodyear walitoa yao, Tiempo, huko Marekani mwaka 1977, ili mtu asihangaike kubadilisha tairi kila majira ya baridi yanapoingia. Raba ya tairi ya kiangazi hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, ile ya theluji hubaki laini, na ya misimu yote inakaa katikati. Sisi asubuhi ya Juni tunavaa koti, ni kweli, lakini kufika saa nne jua limeshapasha barabara.

Misimu yetu ni miwili. Mvua inaanza Novemba na kwenda mpaka Machi au Aprili, kisha ni vumbi jekundu. Kwa hiyo tafuta tairi inayofukuza maji haraka na kuvumilia joto. Itazame usoni: iwe na mifereji mipana inayozunguka tairi nzima, mitatu au minne, na njia za pembeni za kutolea maji. Tairi ya kawaida ya namna hiyo inakutosha kabisa. Kama ya misimu yote ina bei ileile, ichukue, haitakudhuru. Lakini ukionyeshwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ujue hiyo ni ishara kwamba ilipimwa kwenye theluji. Usiiongezee hata dola moja.

*Papa, mimi ni dereva wa taksi. Tairi mpya siziwezi. Naenda kwenye okazi za Ulaya, tairi zilizokwisha tumika, na naona nyingine zina meno marefu kama mpya. Nitajuaje iliyo nzima? — Dereva, Katuba*

Ndugu, hapo kwenye meno ndipo watu wanapoumizwa. Jiulize kwanza: Mzungu ametupaje tairi yenye meno marefu? Mara nyingi ni kwa sababu imezeeka, au ni tairi ya theluji. Ya theluji inahitaji meno marefu ili ishike, kwa hiyo wengi huko huiondoa ikibaki na milimita 4 hivi, wakati sheria yao inakubali mpaka 1.6. Utaitambua kwa ile alama ya mlima, na kwa vichanja vyembamba vingi vilivyokatwa juu ya kila jino. Raba yake ni laini. Ukiifunga kwenye taksi Oktoba, na abiria watano ndani, italika upesi, na ukishika breki kwenye lami ya moto gari litachelewa kusimama.

Halafu umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mstari wake mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo igeuze tairi uangalie pande zote mbili. Muuzaji akikuzuia kuigeuza, achana naye. Mimi sinunui iliyopita miaka 6. Watengenezaji wakubwa, Michelin mmojawapo, wanasema ikifika miaka 10 iondolewe hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu raba inakauka na kupasuka ndani ambako jicho halifiki.

Sasa washa tochi ya simu uangalie tumbo la ndani. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na wateja wengi hawakifanyi. Pitisha kidole kuzunguka ukuta wote wa ndani. Ukikuta mkanda wa raba iliyosagika, imekwaruzika, na kidole kinatoka na unga mweusi, tairi hiyo ilitembezwa bila upepo. Nyuzi zake zimekufa. Itajaa upepo vizuri kwa muuzaji, itakupeleka mpaka Ruashi bila shida, kisha siku ya mzigo itapasuka.

Angalia pia mdomo wa tairi, pale inapokaa kwenye janti, ile ringi ya chuma. Tairi nyingi za okazi husafirishwa zikiwa zimekandamizwa moja ndani ya nyingine, mbili au tatu, ili kontena libebe nyingi. Zinakaa zimejikunja hivyo majuma mengi baharini na njiani. Mdomo uliopinda, au ubavu wenye mikunjo, ni wa kukataa. Na kama tairi inang'aa mno kwa dawa nyeusi, omba maji uioshe. Nyufa ndogo zitajitokeza zenyewe.

Kwa wewe wa taksi kuna namba nyingine ya kuheshimu. Baada ya kipimo, kwa mfano 195/65R15, inafuata 91H. Hiyo 91 inasema tairi moja inabeba kilo 615. Ikiandikwa 84 inabeba 500 tu. Tofauti ya kilo 115 kwa kila gurudumu ni kubwa sana kwa gari linalobeba watu na gunia la makala (mkaa) nyuma. Usikubali namba iliyo chini ya ile gari lako lilikuja nayo.

*Nina pesa ya tairi mbili tu kwa sasa. Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele, na kwado, fundi wetu wa tairi, ananiambia mpya zikae mbele. Ni sawa? — Mwalimu, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Mwalimu, weka mpya nyuma. Najua kwado wengi wanasema kinyume, na wanasema kwa nia njema, maana za mbele ndizo zinazolika haraka. Lakini fikiria dimbwi. Tairi za mbele zikielea juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi, unatambua, unaachia mafuta, gari linarudi. Zikielea za nyuma, mkia wa gari unazunguka kabla hujajua lililotokea, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, na malori yanayokuja mbele yako, huna nafasi ya kujifunza. Kipimo kiwe kimoja kwa zote mbili za nyuma, na aina moja.

*Nataka kupandisha janti kutoka 15 hadi 16, gari lipendeze. Kuna ubaya? — Kijana wa mtaa wa Golf*

Kwa hesabu, 205/55R16 ina urefu wa jumla karibu sawa na 195/65R15: milimita 632 dhidi ya 634. Mita ya mwendo haitadanganya, na Corolla kadhaa zilitoka kiwandani na vipimo vyote viwili. Ila ukuta wa tairi unapungua kutoka milimita 127 hadi 113, na ukuta huo ndio unaomeza shimo. Kama unaishi na kufanya kazi mjini kwenye lami nzuri, fanya. Kama unapita kila siku kwenye mashimo ya mitaa, baki na 15, na ukipata iliyoandikwa XL yenye namba 95 ichukue: ubavu wake umeimarishwa na inabeba kilo 690.

*Kwado wa kwetu anachonga meno upya kwa kisu cha moto. Bei ni ndogo sana. Nifanye? — Msomaji wa Kampemba*

Hapana. Naomba sana, hapana.

Chini ya meno kuna tabaka jembamba la raba, kisha nyaya za chuma. Kuna tairi za malori zilizotengenezwa na raba nene ili zichongwe, na zimeandikwa hivyo ubavuni. Ya gari dogo haina akiba hiyo. Kisu kikipita, kinaifikia au kuikaribia chuma, maji ya mvua yanaingia, kutu inaanza, na siku moja kwenye njia ya Likasi uso mzima wa tairi unabanduka ukiwa kwenye mwendo. Fundi anayekuchongea hatakuwepo hapo. Watoto wako ndio watakuwa kiti cha nyuma.

Kupima kama tairi imekwisha, chukua kijiti cha kiberiti, kisimamishe ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha kipime kwenye rula ya mtoto wa shule. Mpya ina milimita 8 hivi. Ikifika 3, tafuta pesa kabla ya mvua kubwa. Ikifika 1.6 imekufa, utaona vile vituta vidogo ndani ya mfereji vimelingana na meno.

*Nijaze upepo kilo ngapi? Kila kwado ana namba yake. — Papa wa Kamalondo*

Papa, fungua mlango wa dereva, utakuta kibandiko cha kiwanda kwenye nguzo. Kwa magari mengi madogo ni kilo 2.2 hivi (kilo ya upepo ni karibu sawa na bar), na mzigo ukiwa mkubwa inapanda kama kibandiko kinavyosema. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa sababu kila joto likipanda nyuzi 10 upepo unaongezeka karibu kilo 0.1, na ukipima saa nane mchana wa Oktoba baada ya safari utapunguza upepo ambao haukuwa wa ziada. Wale wanaotoa upepo ili gari "likae laini" kwenye mashimo wanachemsha ubavu wa tairi bila kujua, hasa kwenye safari ndefu ya Kolwezi.

Na unapokuwa hapo kwa kwado, mwombe ashushe tairi ya akiba kutoka nyuma aipime pia. Zilizokuja na magari ya Japani nyingi zimelala humo tangu kiwandani. Soma zile tarakimu nne.